Mkanda wa Mzigo

"Mama mdogo, hivi ukimaliza kusoma utakuwa nani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tano, tunaosha karoti mtoni, miguu imeshakufa ganzi kwa baridi ya maji. Mama mdogo Yustina tayari alikuwa mwalimu wa michezo katika sekondari moja mjini Morogoro. Alikuwa na filimbi yake, bukta yake ya bluu, na wanafunzi waliojificha chooni wakisikia neno "mazoezi". Sasa alikuwa amepata nafasi Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili, mambo ya afya na jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi ukiwa kwenye jasho. Mimi nilijua mtu anasoma ili awe mwalimu, nesi au padri. Aliyekwisha kuwa mwalimu anarudi darasani kutafuta nini?

Alinitazama, akanirushia karoti moja. "Rudia hiyo, ina udongo." Jibu ndilo hilo, yaani hakunijibu.

Kwetu ni juu mlimani, ukishapita mtaa wa Kilakala ukaendelea kupanda mpaka magoti yaanze kulalamika. Huko hakuna aliyeielewa shahada yake. Mtani wetu Mwinjuma, anayekuja kununua ndizi za kuuza mjini, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mluguru kaenda chuo kikuu kujifunza kupanda mlima! Na samaki naye tumpeleke akasomee kuogelea?"

"Wewe ambaye hupandi mpaka usukumwe," mama mdogo akamwambia, "ungefeli hata ule mtihani wa kuingia."

Kwa mtani hakuna kununa. Ila nilimwona mama mdogo akiingia ndani, na kule ndani hakuwa anacheka.

Mwaka wa pili alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Wenzake walichagua wachezaji wa mpira na wanariadha. Yeye akachagua kina mama wa kwetu, wale wanaoteremka alfajiri na matenga ya kabichi na njegere kwenda soko la Mawenzi, halafu mchana wanapanda na unga, sabuni na mifuko ya mbolea kichwani. Mmojawapo ni mama yake mzazi, bibi yangu Semeni. Alitaka kujua moyo wa mwanamke mmoja unafanya kazi kiasi gani mpaka afike juu.

"Wakimbiaji wanapimwa kila siku," aliniambia. "Mama kaupanda mlima huu maisha yake yote. Nani amewahi kumpima?"

Chuo kilimwazima mikanda myembamba ya kufunga kifuani, chini ya nguo, inayohesabu mapigo ya moyo na kuyahifadhi. Shule yake ilikuwa imempa ruhusa ya masomo mpaka mwisho wa mwaka ule. Baada ya hapo arudi kazini, awe na shahada au asiwe nayo. Kwa hiyo hakuwa na muda wa kuchezea.

Kila siku ya soko aliwafunga kina mama mikanda kule chini, katika chumba cha dada mmoja mshona nguo, akawaambia, "Msivue mpaka mfike kanisani juu." Yeye mwenyewe alitangulia kwa njia nyingine, akawasubiri kanisani. Msimamizi wake wa chuo ndiye aliyemwelekeza hivyo. Alisema mtu akijua anatazamwa hubadilisha mwendo.

Sasa sikia kilichotokea. Mapigo yakawa yanapanda vizuri, yanapanda, halafu mahali fulani katikati ya njia yanabadilika ghafla, kama moyo umetolewa ukawekwa mwingine. Na ukihesabu muda wa mwendo, mahali penyewe ni pale Jiwe la Padri, ambapo mwinuko ni mkali kuliko kote. Mama mdogo akabadilisha mikanda. Ikawa vilevile. Msimamizi akampigia simu, nami nilikuwa pembeni nikimenya maharage.

"Yustina, moyo wa binadamu haufanyi hivi. Ama vifaa vyako ni vibovu, ama kuna kitu hukukisimamia. Vipimo hivi siwezi kuvipokea."

"Ndiyo, Daktari," akajibu. Akakata simu, akachukua bakuli langu la maharage, akaanza kumenya kwa kasi mpaka mengine yakaruka nje.

Siku ya soko iliyofuata akasema liwalo na liwe, atapanda nyuma yao bila wao kujua. Nikamfuata. Tukatembea mbali kidogo, tukijibanza kwenye migomba kila wanapogeuka. Walipofika Jiwe la Padri, Mama Elia, jirani yetu mwenye magoti mabovu, akasimama na mfuko wake wa mbolea. Bibi Semeni, ambaye siku hiyo alikuwa na kimfuko cha chumvi tu, akampokea. Hiyo ni kawaida. Kwetu mtu hafiki juu na mzigo wake peke yake. Ukimwona mwenzako amechoka ukapita, habari zako zitafika nyumbani kabla yako.

Lakini wakafanya na kingine. Wawili wakatanda kanga kama pazia. Mama Elia akaingia nyuma yake, akavua mkanda, akampa bibi. Bibi akavua wake, akampa Mama Elia. Wakafungana vizuri kabisa, wakaivuta kuhakikisha imekaza.

Mama mdogo akatoka kwenye migomba mbio. "Mama! Mnafanya nini?"

"Shikamoo kwanza," Mama Elia akasema.

"Shikamooni. Mnafanya nini?"

"Tunapokezana," bibi akajibu.

"Na mkanda?"

"Si ndio mkanda wa mbolea huo? Wewe ulisema unataka kujua mzigo unavyotuchosha. Sasa mbolea imekuja kwangu, mkanda ubaki kwa mtu aliyebeba chumvi? Utapima nini?"

Mama mdogo akakaa juu ya jiwe. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona kweli analia. Bibi akatua mfuko chini.

"Tumeharibu?"

"Mmeharibu, mama."

Wale wawili wakakunja kanga.

"Basi tutapanda upya," bibi akasema. "Kila mtu na mzigo wake, na mkanda wake."

Wakapanda upya, siku ya soko iliyofuata, bila kupokezana. Ilikuwa siku mbaya. Kwa kawaida ile njia ina umbea mpaka unasahau unapanda, lakini siku ile hakuna aliyezungumza. Mama Elia alifika kengele ya jioni imeshapigwa, magoti yamevimba, akaingia kwake bila kuaga. Vipimo vilitoka safi. Mama mdogo aliviangalia kwenye kompyuta yake, kisha akaifunga.

"Sitafanya tena hivi," bibi akamwambia. "Nakupenda, lakini sitafanya."

"Hata mimi sitaki, mama."

Akaenda Dar kumwona msimamizi. Alitusimulia baadaye. Alimwambia kwamba swali lake lilikuwa na kosa. Aliuliza moyo wa mwanamke mmoja unafanya kazi kiasi gani, wakati mzigo kule haubebwi na mwanamke mmoja. Aruhusiwe kuwafunga mikanda wote, mwenye mzigo na asiye nao, kila mtu abaki na wake, yeye atembee nao aone mfuko unapita kwa nani na lini. Msimamizi akavua miwani.

"Huo ni utafiti mwingine, Yustina."

"Najua, Daktari."

"Na ruhusa yako inaisha lini?"

"Desemba."

"Basi hapa ofisini unafanya nini?"

Mvua za vuli zilimkuta njiani na kina mama, matope mpaka kwenye vigimbi. Mwinjuma alikuwa akipaza sauti kila akituona: "Profesa wa mlima, angalia usije ukaanguka na elimu yako!" Siku ya kutetea kazi yake mbele ya maprofesa, bibi aliwasha mshumaa kanisani, mimi nikashinda na simu mkononi. Jioni ujumbe ukaingia: *Wamenipa marekebisho kidogo. Nimepita.* Bibi akaniambia nimsomee tena. Nikamsomea. Akasema tena.

Sasa niko kidato cha tatu, naye amerudi kufundisha michezo pale pale, kwa filimbi ile ile. Krismasi iliyopita tulikuwa tunapanda naye, tumebeba mchele wa sikukuu, nikamuuliza tena lile swali langu la mtoni. Alinitazama kama vile nimetoa kitu cha zamani mfukoni.

"Hilo bado unalo tu?"

"Hukunijibu."

Akahema, akaupokea mfuko wa mchele kichwani kwangu, akatembea kidogo.

"Nimekuwa yule yule, Faraja. Ila zamani nikikutana na mtu ana mzigo nilikuwa namuuliza, umebeba kilo ngapi? Siku hizi namuuliza, uko na nani?"