Mama Alipopeleka Mbegu Yote Kanisani

Mwaka aliofariki baba nilikuwa na miaka minane, na nyumba yetu pale Mabawe ilinuka maharage makavu yaliyochanganywa na majivu. Ndiyo mbegu yetu hiyo, chunguni, nyuma ya kitanda cha mama. Mvua zilichelewa, ndizi zikawa nyembamba kama vidole vyangu. Baba mdogo alikwishasema wazi kwamba shamba lisipopandwa msimu ule atalichukua yeye. Wanasema akiba haiozi. Mimi nasema huozea tumboni mwa mwenye njaa, maana bibi, mama yake baba, alikitazama kile chungu kuliko alivyotutazama sisi.

"Mama Petro, pika. Watoto hawatafuni matumaini."

"Nikipika leo, mama, mvua ikija nipande nini? Mawe?"

Kwetu Wakatoliki hupeleka mbegu kanisani zibarikiwe kabla ya kupanda. Mtu hupeleka kiganja kimoja tu, akirudi anakichanganya na zilizobaki nyumbani. Jumapili ile mama alimimina chungu chote kwenye kikapu, akajitwika. Njiani wanawake walimcheka. "Mama Petro, unahama?" Akajibu, "Nahamisha njaa," wala hakupunguza mwendo. Padre alinyunyiza maji ya baraka, tukarudi na kikapu kilekile. Bibi alinung'unika kwamba Mungu hana meno, maharage yote hayo ya nini kwake. Lakini kugusa hakugusa. Mbegu iliyobarikiwa huenda ardhini, haiendi jikoni.

"Umenifunga mikono, wewe."

"Nimefunga yangu, mama. Jana nilishabandika maji niyapike."

Kesho yake bibi alichukua jembe, akaenda kufukua viazi vilivyosazwa kwenye mashamba ya ndugu zake. Tukaishi kwa viazi hivyo na majani ya maboga mpaka mvua ikaja, tukapanda. Mbegu nyingine zilioza, nyingi zikaota. Tulikula, tukabakiza, na baba mdogo akaacha kupitapita kwetu.

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo imani yangu haikutoka vitabuni. Ilitoka kwa yule mama aliyejijua kuwa ana njaa. Watu wengi humkabidhi Mungu kinachobaki. Mimi humkabidhi kile ninachojua kitanishinda. Ukubwani mnyauko uliua migomba yangu yote, na kabla sijapanda mingine nikamzika mke wangu. Pombe ikaanza kuniita kwa jina. Nilisimama kwenye sala ya jumuiya, mbele ya majirani wenye ndimi kali, nikasema sinywi mpaka machipukizi mapya yazae. Kuahidi chumbani peke yangu ningejidanganya. Basi walinichunga kama mbuzi. Machipukizi yakazaa, na hamu nayo ikawa imekwisha.

Siku hizi mbegu hununuliwa dukani, zimepakwa dawa nyekundu, hata mwenye njaa hazitamani. Vijana hawana haja ya kujifunga mikono kwa namna ile. Sawa, wameshiba, nami nashukuru kwa shibe yao. Mimi nina shamba la baba, na jingine nililonunua kwa jasho langu. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu. Nina kahawa, ng'ombe wa maziwa na ndama wake, tenki la maji ya mvua. Nina watoto wanaosali hata nisipokuwapo. Na nikilala, nalala.