Fungu la Kamba

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019. Siku ya kumi na mbili bila mvua. Upepo mwepesi wa mashariki, bahari imelala, na joto lilianza mapema, kabla ya saa mbili asubuhi.

Meli ya mizigo kutoka Trinidad ilikuwa haijafika Tobago kwa wiki ya pili. Hapa kwetu Castara, rafu za duka la Hyacinth zilibaki na chumvi, viberiti, sabuni na biskuti. Kuku wa barafu walikwisha Jumatano. Mayai yalikwisha Alhamisi.

Jirani yangu Ianthe Alleyne ana miaka sitini na moja, na mgahawa wa meza nne juu kidogo ya ufuko. Amepika hapo miaka ishirini na mitatu. Hapimi kitu kwa kikombe. Hupima kwa kiganja, na chumvi huionja mgongoni mwa mkono. Wateja wake wakubwa ni wanaopanga kwenye nyumba ya wageni ya Osbert Kerr, iliyo ng'ambo ya barabara. Asubuhi hujinunulia vitu kwa Hyacinth, mchana hula kwa Ianthe. Bila wao jiko lile lisingewaka kila siku, na Ianthe analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ijumaa jioni Osbert alikuja akasimama mlangoni pake, hakuingia.

"Ianthe, nina wageni wanane. Dukani hamna kitu, na wewe kuku huna. Kesho saa saba wakikosa chakula hapa, nampigia simu yule dereva wa basi dogo. Awe anawapeleka kula hoteli za kusini kila siku, mpaka msimu uishe."

"Nani kakwambia watakosa?"

"Ubao wako umeandika kuku."

Ianthe alichukua kitambaa, akaufuta ubao. "Sasa haujaandika."

Jumamosi asubuhi alikuwa na magimbi, mashelisheli mawili, unga wa mahindi, bamia na nazi. Kilichokosekana ni kitoweo. Alikuwa akikuna nazi pale mgeni mmoja wa Osbert, Solveig, mwalimu mstaafu kutoka Norwei, alipotoka dukani na pakiti moja mkononi.

"Mama, hizi biskuti ndiyo chakula cha mchana?"

"Hizo ni za kasuku wa Hyacinth. Saa saba njoo na njaa."

Saa tatu na nusu gamba la kome lilipulizwa ufukoni. Kwetu likilia hivyo, maana yake juya, wavu mrefu unaovutwa pwani kwa kamba, limeshazungushwa na mikono inahitajika. Ianthe alibeba beseni akateremka, nami nikamfuata.

Tulikuta lori jeupe lenye sanduku la barafu limekwisha kuegeshwa chini ya minazi. Cuthbert, mwenye juya, amekuwa akila kwa Ianthe tangu akivaa kaptura ya shule. Alipomwona na beseni, akaanza kufunga kamba iliyokwisha kufungwa.

"Cuthbert, nitilie kilo kumi."

"Shangazi, samaki wameshakwenda. Huyu bwana wa hoteli kawanunua kabla hawajatoka majini. Nimempa neno langu."

"Wote?"

"Wangu wote."

Ianthe alizitazama zile kamba mbili zilizotoka baharini. "Wako umeuza. Fungu la kamba je?"

Cuthbert alijikuna shingo. "Fungu la kamba si langu kuuza."

"Basi."

Anayeshika kamba mpaka juya lifike mchangani halipwi fedha; hupewa bakuli la samaki, ndilo fungu la kamba, awe yeyote, atoke popote. Lakini bakuli moja halilishi watu wanane. Ianthe aliweka beseni chini, akapanda hadi barabarani, akapaza sauti kuelekea baraza ya Osbert. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Solveig! Waite wenzako. Chakula kiko huku, hakijatoka majini tu."

Walikuja saba wakiwa na kandambili. Wa nane, mzee mwenye mgongo mbovu, alibebewa kiti, akashika mkia wa kamba akiwa amekaa.

"Shangazi," alisema Kerwin, mmoja wa wavuvi, "goti hilo linakushinda kanisani, ndio livute juya?"

"Kanisani kuna ngazi. Vuta, Kerwin, mdomo hauna kamba."

Tulivuta dakika hamsini na tano. Kamba ilichoma viganja. Solveig alitaka kuachia apige picha. Ianthe akamwambia akiachia ameacha samaki, naye akairudisha simu mfukoni. Karibu na mwisho goti lilimsaliti Ianthe, akaketi mchangani kwa kishindo. Hakuiachia kamba. Alivuta vile vile akiwa amekaa, visigino vimezama mchangani, mpaka nilipomwinua kwa kwapa.

Samaki walitoka wengi, kolekole watupu, wakirukaruka. Cuthbert alianza kugawa mafungu, na mnunuzi akasogea.

"Na hawa watalii nao? Mimi nimelipia."

"Umelipia wangu. Hawa wamevuta."

"Si wageni hawa?"

"Bwana, kamba haijui mgeni."

Akamjazia kila mmoja bakuli lake. Ianthe alipata moja kama wengine, wala hakuomba la pili. Wale wanane walimimina yao kwenye beseni lake.

Wageni waliwapara samaki magamba wenyewe bombani, polepole mno, na mmoja alijikata kidole. Saa saba kamili Osbert aliingia akakuta meza tupu. Simu ilikuwa mkononi.

"Saa saba, Ianthe."

"Saa naiona. Shika mwiko hapo, sima inashika chini."

Osbert alisita, akaweka simu dirishani, akashika mwiko. Sima ilishashika, hata hivyo. Harufu yake haikujificha. Chakula kilitoka saa nane kasoro dakika kumi: kolekole wa ndimu na binzari, mchuzi wa majani ya magimbi na nazi, shelisheli la kuchoma, na ile sima ya bamia. Yule mzee wa mgongo aliomba ukoko. Osbert alikula amesimama, akachukua simu yake, akaondoka.

Jumapili huwa hapiki. Lakini asubuhi ile, saa kumi na mbili na nusu, alifunga viganja kwa kitambaa, akachukua jembe, akaelekea shambani kwake nyuma ya shule, akichechemea. Alipopita chini ya baraza ya Osbert, sauti yake ilisikika ikimwambia dereva kwenye simu, "Hapana, usije. Leo usije, na kesho usije." Ianthe hakuinua kichwa. Alichimba magimbi ya watu wanane, shina kwa kila mmoja, akasimama kidogo ameegemea mpini, kisha akachimba shina la tisa, la Osbert.