Ndoo Tuteke

Afisa wa uhamiaji pale Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, alikuwa kijana mpole, na nina hakika hakukusudia ubaya wowote. Aliitazama pasipoti ya mama yangu, akamtazama mama mwenyewe, amevaa buibui na mkoba kaukumbatia kifuani, akamwuliza maswali mawili matatu ya kawaida. Mama akajibu. Kijana akagonga muhuri, akatabasamu, akasema, "Hongera, bibi. Kwa Mkenya, Kiswahili umejitahidi."

Mama yangu kazaliwa Mombasa, Mji wa Kale, na mama yake kazaliwa hapo hapo, na bibi yake pia. Tulipanda basi tena. Basi liliposhika njia ndipo akaniuliza, taratibu, "Nimejitahidi?" Alilirudia neno hilo mpaka Kyaka.

Nilikuwa nimekuja Bukoba kabla yake kwa mkataba wa kazi. Kazi yangu ni kuonja kahawa. Nafyonza kahawa kwenye kijiko kwa kelele, naizungusha mdomoni, natema, kisha nasema hii ni ya daraja gani na imeharibikia wapi. Mama, aliyenichapa utotoni kwa kufyonza chai mbele ya wageni, hakuwahi kuwaeleza majirani mwanawe anafanya nini hasa. Lakini mimi kazi ile niliipenda. Wanaume wazima walisimama kimya kuzunguka meza wakingoja nifungue mdomo, na nilipoufungua walinisikiliza. Sioni haya kusema kwamba jambo hilo lilinipa kichwa kikubwa kidogo.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake katika nyumba yenye ngazi nyingi, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nikamwomba aje, nikaenda mwenyewe kumchukua. Tukapatana hivi: akae mpaka Idi. Moyo wake ukikubali, tubaki sote. Ukikataa, nitaacha kazi tufunge mizigo turudi kwetu. Hakunilazimisha, ni mimi niliyelisema hilo, na nilipolisema nilijua nimeiweka kazi yangu mikononi mwa mwanamke asiyependa baridi.

Tulipanga Kashai, nyumba ya vyumba viwili katika uwanja wenye bomba moja la maji. Upande wa pili wa uwanja alikaa jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, Mhaya wa Muleba, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya. Alitukaribisha kwa mkungu wa ndizi mbichi uliokuwa mzito kuliko mkoba wa mama. Mama alishukuru vizuri sana, kisha akafunga mlango na kuniuliza kama na kesho tutakula ndizi. Nikamwambia na kesho kutwa pia.

Ukweli ni kwamba mama hakushindwa na ndizi wala na mvua. Sato wa ziwani alimsamehe baada ya mchuzi wa kwanza, na nazi alizipata sokoni, ghali na kavu, akazisema vibaya huku akizikuna. Kilichomsumbua ni ulimi. Kwao alikuwa mwanamke wa kuombwa neno. Watu wakigombana juu ya maana ya kitu, walimjia yeye. Hapa aliwasalimu wachuuzi wakamjibu kwa Kihaya, na aliposhikilia Kiswahili chake, wakatazamana. Kiswahili cha Bukoba ni kizuri, safi, kimetoka shuleni na kitabuni. Cha mama kimetoka kwenye maziwa ya mama yake.

Ndipo ikaja siku ya ndoo.

Mama alikuwa amekaa barazani asubuhi, manyunyu yanadondoka. Barabarani ikapita bodaboda imebeba mikungu miwili ya ndizi, mmoja juu ya mwingine, na mwenye pikipiki alikuwa ameifunika kwa kanga na kuikaza kwa kamba kiunoni. Ukitazama kwa mbali, ni bibi mnene kaketi upande, kainamisha kichwa asilowe. Pikipiki ikapita kwenye shimo, bibi yule akaruka akakaa tena kwa heshima zake zote. Mama akaangua kicheko. Kicheko cha peke yako hakina ladha, akamwita jirani kwa sauti, "Ndoo! Ndoo tuteke!"

Sisi watu wa Mombasa, pale wengine wanaposema ch na j, mara nyingi twasema t na nd. Macho kwetu ni mato, mchele ni mtele, njaa ni ndaa. Njoo ni ndoo. Kucheka ni kuteka. Mama alikuwa anamwambia jirani aje wacheke wote.

Fundi yule akasikia ndoo, akasikia kuteka. Akaacha cherehani, akatoka mbio na ndoo ya maji imejaa, maji yanamwagika miguuni. Bomba lilikuwa kavu tangu juzi, na maji yale aliyapandisha mwenyewe kutoka kisimani bondeni. Akaitua mbele ya mama akihema. "Waitu, bibi, kuna nini kinaungua?"

Mama akaitazama ndoo. Akamtazama fundi. Akadhani anachezewa shere. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi nimepewa ndoo." Akaingia ndani.

Fundi alibaki amesimama. Jioni niliporudi nilimkuta kanuna upande wake na mama kanuna upande wake, na ndoo iko katikati ya uwanja, imejaa, hakuna anayeigusa. Nilipolielewa jambo lenyewe nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka peke yangu. Fundi nilipomweleza alisema amenielewa, lakini uso wake haukufunguka, maana maji yale alikuwa amewawekea wanawe. Mama nilipomweleza alisema, "Kumbe maneno yangu yamegeuka ndoo na maji."

Tangu siku ile akaanza kusema kama redio. Akitoka nje, kila neno alilipima kwanza: "Habari za asubuhi. Naomba unipatie mchele." Kisha akapunguza hata hayo. Mama yangu, ambaye sauti yake kwao ilijulikana kutoka mwanzo wa kichochoro mpaka mwisho, akawa mtu wa kutikisa kichwa. Iliniuma, na ilinikasirisha pia. Nilimwambia mkataa kwao ni mtumwa, na kwamba methali hiyo nimefundishwa na yeye. Akasema kwao si hapa. Na Idi ilikuwa inasogea.

Siku moja nilikuwa mezani kazini, kijiko mkononi, fundi akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Dada, bibi ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Hakusema. Nilimkuta mlangoni, nikamsalimu. Akaniambia, 'Nimetoka, mwanangu. Nimetoka kabisa.' Akaniaga vizuri tu. Nikaenda kwenye kwaya. Sasa nimerudi, mlango umefungwa, nabisha haitiki."

Niliacha vikombe vya watu vimepangwa mezani. Nilipanda bodaboda mpaka stendi, nikapita dirisha hadi dirisha la tiketi nikiuliza kama wamemwona mwanamke mtu mzima mwenye buibui na mkoba mweusi. Niliingia ndani ya basi la Mutukula nikatazama sura za abiria mmoja mmoja. Nilijiambia kwamba ameondoka bila kuniaga ili nisiache kazi kwa ajili yake, na hilo ndilo lililonivunja, kwa sababu ni jambo ambalo angeweza kulifanya. Pale stendi, katikati ya watu na mizigo yao, niliilaani kahawa yote ya Kagera.

Nilirudi nyumbani. Fundi alikuwa mlangoni, analia. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Mama alikuwa amelala kitandani, kajifunika mablanketi yote ya nyumba mpaka masikioni, anakoroma.

Alipoamka na kutukuta wawili tumemsimamia, aliuliza nani kafa. Nikamwambia amesema ametoka. "Ndiyo nimetoka," akasema. "Nimefua mashuka toka asubuhi. Mtu wa umri wangu hatoki?"

Kuchoka. Kwetu kuchoka ni kutoka. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nililisikia neno la mama yangu kutoka kinywa cha fundi na sikulitambua.

Mama alinitazama mimi, akamtazama fundi na machozi yake, na naamini ndipo alipoona kwamba mwanamke huyu si mtu wa kumchezea shere. Akajiinua akakaa. "Ndoo hapa," akamwambia, na safari hii fundi hakutafuta ndoo. Akaketi kitandani. Mama akamfundisha. Ukitoka mlangoni, ncha ya ulimi iko juu, kwenye ufizi. Ukitoka kwa kazi, ulimi unagusa meno. "Toka," akasema. "Na toka. Wasikia?"

Fundi akajaribu. Akarudia, ulimi nje kama anayeramba asali, na mama akacheka, kicheko chake cha zamani ambacho kuta za Kashai zilikuwa hazijakisikia tangu siku ya bodaboda. Fundi naye akacheka. Kisha akasema kwamba shuleni kwao mtoto akisema Kihaya alivishwa kibao shingoni kwa adhabu, na mpaka leo akiongea Kiswahili na mtu wa pwani anaogopa. "Nilipoleta ndoo nikajua nimekosea Kiswahili," akasema. "Niliona aibu, bibi. Sikununa."

Mama akamsogelea. "Mimi pia," akasema.

Wiki ile ile fundi alitupeleka kwa mama yake, Muleba. Tulishuka njiani tukaingia kwa miguu kwenye kibanja, migomba na mibuni imesimama pamoja mpaka mlangoni. Bibi wa pale alikuwa amemtandikia mgeni wake nyasi mbichi sakafuni. Mama alivua viatu kabla ya kuambiwa, na nikaona fundi amemtazama mama yake kwa fahari, kama anayesema, nilikwambia.

"Nyegera waitu," bibi akatukaribisha. Kiswahili alikijua kidogo sana. Akaleta kikapu kidogo cha kusukwa, ndani mna buni kavu. Mama akachukua moja kwa adabu, akaishika, akaninong'oneza, "Birika laja?"

Nikamwambia hakuna birika. Kahawa ya heshima huku inatafunwa. Akaitia mdomoni. Mimi nami nikatia yangu, nikaizungusha ulimini kama ilivyo kazi yangu, na nilikuwa tayari nimeinama kutafuta pa kutemea mama aliponifinya paja. "Umeze," akasema. Nikameza. Kahawa nzuri kama ile sijawahi kuipa daraja.

Fundi akaanza kumsimulia mama yake habari za ndoo, kwa Kihaya. Nililijua kila tendo kwa mikono yake: bodaboda, kanga, shimo, maji. Bibi alicheka akapangusa macho, akamgeukia mama yangu, akajigusa kifua. "Okusheka," akasema.

Mama akainua kichwa. "Kuteka?"

"Okusheka."

"Na shuleni," fundi akaongeza, "ni kucheka."

Mama akayarudia yote matatu, polepole, kama mtu anayeonja. Niliifahamu sura ile. Ndiyo yangu nikiwa mezani na kijiko. "Basi nyote mwateka," akasema mwisho, "ila kila mtu na meno yake."

Baada ya hapo hawakutuhitaji. Fundi alitafsiri kidogo, bibi akampungia mkono anyamaze. Mmoja alisema Kihaya, mwingine Kimvita cha kwetu Mombasa, kikapu kikipita kati yao, na sijui walielewana nini. Najua kwamba mama yangu alikuwa anasema kwa sauti yake yote.

Ramadhani ikaja. Kazini nilimwachia mwenzangu kijiko, nikasimamia maghala. Mama hakuigusia Idi, nami sikuthubutu kuuliza. Nilimwona asubuhi moja ameutoa mkoba mweusi chini ya kitanda, nikaondoka, na siku nzima sikujua nilihesabu magunia gani.

Siku ya Idi alipika pilau kwenye sufuria la kuazima. Ilipoiva alisimama barazani, akajitanda mtandio vizuri, akaita kwa ile sauti ya kichochoroni kwetu, "Ndooni! Ndooni mle!"

Walikuja. Uwanja wote ulikuja, na nyumba za nyuma, Waislamu na Walutheri. Hakuna aliyemwomba arudie. Wa mwisho akaja fundi, na mkononi kashika ndoo, ile ile. Kaifunika kwa kitambaa cha kushona, uso kaukaza. Akaitua mbele ya mama. Ndani mlikuwa na ndizi za kibanja cha Muleba zilizopikwa na maharage, moshi unatoka. Mama alicheka mpaka akamshika bega asianguke.

Wageni walipoondoka tulikaa barazani watatu, vyombo vimelowekwa, mkoba mweusi umetundikwa mlangoni. Nikauona na nikauliza, kwa sababu sikuweza tena kukaa bila kuuliza. Mama akasema ndani mna mbegu za mchicha alizopewa na bibi wa Muleba, na kwamba alihitaji chombo kikavu. Fundi akamtazama jinsi alivyonyoosha miguu.

"Bibi, umetoka?" akamwuliza, na ulimi wake ukagusa meno barabara, kama mtu aliyezaliwa Mji wa Kale.

"Sijatoka," mama akasema.

"Kwa meno, au kwa ufizi?"

Mama alinitazama mimi alipojibu. "Kote kuwili," akasema.