Milango Miwili ya Wodi ya Wazazi

Ramani yangu ilikuwa nzuri kuliko yake. Bado naamini hivyo, ingawa najua nitaonekanaje nikisema.

Tulikuwa wasanifu wawili vijana katika ofisi ndogo pale Kanyenye, juu ya duka la vitambaa. Mimi nimezaliwa Isevya, mji huohuo, nikaenda chuo kikuu, nikarudi. Mwenzangu alikuwa Mzaramo wa Dar es Salaam. Siku ya kwanza aliposikia mimi ni Mnyamwezi alinyoosha mkono akiwa anacheka.

"Mtani! Babu zako si ndio walitembea miezi kuja kwetu na pembe za ndovu kichwani, wakifika wanauliza bahari imechimbwa na nani?"

"Na babu zako si ndio waliwauzia maji ya chumvi wakisema ni dawa?"

Ofisi nzima ilicheka. Nilimpenda kwa muda wa wiki moja hivi.

Halafu bosi akatupa kazi ya wodi ya wazazi, katika kituo cha afya cha kijiji kimoja ukishapita Puge. Kila mmoja angechora yake na kamati ya kijiji ingechagua. Sikuwahi kuona hata choo kikijengwa kwa mchoro wangu, na sasa hii ilikuwa wodi. Nilihesabu nimeshashinda. Mimi ni mwanamke, ni wa huku, na Kinyamwezi nakisikia. Yeye angeanzia wapi?

Tulikwenda kuona mahali. Nilikaa na akina mama katika wodi ya zamani asubuhi nzima, nikijaza daftari. Nilipotoka nilimkuta mwenzangu amesimama juani, kando ya uzio wa choo, anapiga soga na mwanaume aliyeshika chupa ya chai.

"Yule ana nini?" nilimuuliza tulipoingia kwenye gari.

"Kamletea mkewe uji. Mama mkwe wake kakaa barazani, kwa hiyo hawezi kupita. Yuko pale tangu saa mbili, anasubiri mwanamke yeyote apite ampe chupa."

"Ndiyo, mkwe hapiti mbele ya mama mkwe wake. Hukujua?"

"Sikujua. Ndio maana nimemuuliza."

Mimi nilijua, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Baba yangu mwenyewe alikuwa akimwona bibi yangu mzaa mama kwa mbali, anageuza baiskeli na kuingia uchochoro mwingine. Niliyaona hayo tangu utotoni, mpaka nikaacha kuyaona. Chuoni nikayaweka kwenye fungu la mambo yatakayojifia yenyewe. Mimi ninayehoji kila kitu, nilimpita yule mwanaume nikidhani anaona haya tu.

Ramani yangu ilikuwa na mlango mmoja mpana na baraza moja ndefu inayopokea upepo, na benchi za saruji zilizotazamana ili ndugu wakae pamoja. Yake ilikuwa na milango miwili na baraza mbili zilizopeana mgongo kama watu waliogombana. Nilipoiona nilifurahi kwa ubaya wake.

Mbele ya kamati nilieleza yangu vizuri. Mama mmoja aliinamia karatasi, akaweka kidole juu ya benchi.

"Mwanangu, hizi zinatazamana?"

"Ndiyo, mama," nilisema kwa fahari.

"Basi mimi na mkwe wangu tutakaa hapa tuchekeane meno?"

Wanawake waliangua kicheko, wengine wakajifunika nyuso kwa kanga. Wanaume walitazama chini. Ramani ya Mzaramo ilipita bila mtu kuuliza swali.

Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama jengo linapaswa kuitii desturi au kubishana nayo. Ni swali la maana. Lakini sitadanganya kwamba ndilo lililoninyima raha. Nilichukia namna bosi alivyoanza kumwita "fundi". Nilichukia namna mwenzangu alivyosalimiana na wazee wa kijiji, shikamoo zake zikiwa na lafudhi ya pwani, na wao wakimwitikia kama mtoto wao. Niliacha kunywa naye chai.

Bosi akanipa michoro ya mwenzangu niikague. Niliikagua kama mtu anayetafuta kunguni kwenye godoro, na nikampata. Kwa sababu ya milango ile miwili, korido ilipinda kabla ya kufika chumba cha upasuaji, na kwenye kona stoo ya shuka ilikuwa imechomoza. Machela isingeweza kukata kona ile. Mama anayevuja damu angekwama pale.

Ningeweza kumgeukia tu. Meza zetu zilikuwa zimegusana. Nikanyamaza siku tisa, nikingojea siku ambayo watu wote wangekuwepo.

Siku hiyo mwenzangu na mafundi walikuwa wamekwisha kuchora msingi kwa chokaa, na kuchimba kungeanza kesho yake. Kamati ilikuwepo, bosi alikuwepo, na mkunga mkuu wa kituo.

"Naomba machela," nilisema.

Wauguzi wawili waliileta. Niliwaomba waisukume katikati ya mistari ya chokaa, bila kuikanyaga. Walikwenda vizuri mpaka kwenye kona. Pale wakageuza, wakarudi nyuma, wakageuza tena, na gurudumu likapanda juu ya chokaa ya stoo. Nilimtazama mwenzangu usoni, nikiitafuta ile sura niliyoingojea.

Hakuwa nayo. Aliitazama kona, akapiga ulimi. "Haki ya Mungu, ningeua mtu." Akachukua kalamu na mchoro, na kabla hatujamaliza kupumua alikuwa ameihamishia stoo ng'ambo ya korido.

Mkunga akanigeukia. "Umeliona lini hili?"

"Siku tisa sasa."

"Na meza zenu ziko chumba kimoja?"

Bosi alikunja uso. Ndipo mwenzangu akadakia: "Mama, huyu mtani wangu. Mtani haachi kukucheka mbele za watu, ndiyo haki yake hiyo." Wazee wakacheka, mkunga naye akacheka kidogo, na shughuli ikaendelea. Aliniokoa mbele ya kijiji kizima, na nilimwonea wivu kwa hilo pia, kwa wepesi aliokuwa nao wa kufanya kitu ambacho mimi nisingemfanyia.

Akanipa kopo la chokaa. "Umeiona wewe. Ichore wewe."

Nilifuta kona kwa kiatu, nikachora upya. Ulikuwa mstari mmoja mfupi. Nilipoinuka niliulinganisha na mistari yake, nikaona wangu umenyooka zaidi, nikatazama huku na huku kama kuna mwingine aliyeona.