Zamu ya Maji

Mlio wa pembe ya tandala ndio uliotuamsha kila asubuhi ya kiangazi. Baba alisimama kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa la udongo ambalo wazee wetu walilichimba juu ya kijiji ili maji ya kijito yajikusanye humo usiku kucha, akapuliza mara tatu, kisha akataja kwa sauti nyumba iliyokuwa na zamu siku ile. Jina likashuka bondeni pamoja na ukungu. Wenye zamu walitoka na majembe yao, gogo lililoziba tundu la ndiva likachomolewa, na maji yakakimbia kwenye mfereji mpaka kwenye mahindi na maharage yao. Kwa kuwa wakati huo wa mwaka chemchemi ilikonda sana, siku ya zamu ndiyo ilikuwa pia siku ya kujaza mitungi na mapipa ya nyumbani. Nyumba zilikuwa kumi na mbili. Baba, kwa vile ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva, alijiweka wa mwisho, maana desturi haikumruhusu mgawaji kujigawia kwanza, na mama alikuwa akimtania kwamba yeye ameolewa na mtu wa makombo. Nilikuwa na miaka kumi, na mpangilio wa zamu zile niliujua kuliko jedwali la kuzidisha.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kule chini, upande wa Kisiwani, watu walikuwa wamehamishiwa kwenye nyumba zilizopangwa mistari. Sisi wa milimani, kwa kuwa tayari tulikuwa tumebanana, tuliachwa palepale, tukapewa shamba la pamoja na wajumbe wa nyumba kumi kumi. Ndipo redio ikaanza kutaja kipindupindu. Mwanzoni tulidhani ni ugonjwa wa watu wa joto, usioweza kupanda mlima. Lakini akaja bwana afya kutoka Same, mtu mrefu mwenye buti nyeupe kwa chokaa, na maagizo yake yakasomwa mbele ya kanisa. Barabara ya kupandia kijijini ikawekwa kizuizi na mgambo wawili. Maji yachemshwe. Msiba usikusanye watu, maiti azikwe siku hiyohiyo na watu wa afya, mkeka na nguo zake zichomwe moto. Nyumba yenye mgonjwa ilipigwa mstari wa chokaa mlangoni, na bwana afya akaandika siku yake kwenye daftari la shule alimochora barabara yetu na nyumba zetu zote. Alitaka kuona ugonjwa unatembeaje, na kama kizuizi chake kinauzuia. Tulianza kuamkiana kwa mbali. Ukisema shikamoo ng'ambo ya korongo, marahaba ilikujia mtu mwenyewe humwoni.

Baba mdogo Eliamani, kitinda mimba wa bibi, alikuwa akikata mkonge katika shamba moja kule bondeni. Alipojisikia vibaya alitaka kurudi kwa mama yake, na alipokuta barabara imefungwa akapita njia ya msituni, ile wanayopita wachuma kuni. Kizuizi kilimwongezea safari tu. Alfajiri alifika uani kwetu akiwa amekauka midomo, macho yamezama, sauti imekuwa ya mtu mwingine. Tulimnywesha maji ya chumvi na sukari kama tulivyoagizwa, lakini alikuwa amechelewa. Alifariki kesho yake kabla ya saa sita. Watu wa afya walimzika nyuma ya nyumba, hakuna kengele, hakuna wimbo, na bibi akaambiwa alie ndani. Nilimsikia akilia huku ameziba mdomo kwa khanga, na mpaka leo ile ndiyo sauti iliyonitisha kuliko zote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alipodaiwa mkeka na blanketi la marehemu, alitoa mkeka mkuukuu wa kuanikia mahindi na gunia, vikachomwa mbele ya bwana afya.

Asubuhi iliyofuata bibi aliniambia nibebe kikapu alimolificha blanketi lenyewe. Kwa ukoo wetu, nguo za marehemu hufuliwa na mama yake katika maji yanayotembea, ili kilio kiende na maji, kisibaki ndani ya nyumba. Siku za kawaida wangekwenda wanawake ishirini, tena mtoni kule chini kabisa, baada ya nyumba ya mwisho, ambako maji hayarudi kwa mtu. Lakini watu walikatazwa kukusanyika, na njia ya mtoni ilipita kwenye kizuizi. Basi bibi akapanda juu. Tulikwenda mpaka kwenye kijito kinachoingia ndivani, kando ya migomba ya Mzee Mcharo, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa ya zamu ya kwanza. Bibi alipiga magoti akalitumbukiza blanketi, akalikamua, akalitumbukiza tena, akimwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Kisha akanitazama.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nikiulizwa, nitajibu mwenyewe."

Siku ya pili yake mzunguko wa zamu ulianza upya. Baba alipuliza pembe akamtaja Mzee Mcharo, na kabla ya jua la siku iliyofuata kutua, mlango wa Mzee Mcharo ulikuwa na mstari mweupe. Ikatajwa nyumba ya pili. Siku moja baadaye, chokaa. Ikatajwa ya tatu, vilevile. Watu hawakujua sababu, ila waliona kwamba anayetajwa na pembe anafuatwa. Wanawake walianza kuwaziba watoto masikio baba alipopanda ukingoni. Baba mwenyewe alikuwa anataja jina kwa sauti ndogo, kana kwamba anaomba radhi, na mbwa wa kijiji, ambao siku zote waliuitikia mlio ule, walinyamaza. Sijui nani aliwafundisha kunyamaza.

Kisha pembe ikaitaja nyumba ya nne, ya Mama Naelijwa, mjane aliyekuwa akishona nguo, na chokaa haikuja. Ikaitaja ya tano, ikaja. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mbona kwake tu? Ameruka vipi? Ukweli ni kwamba mama yule alichemsha kila tone lililoingia nyumbani kwake, hata la kuoshea mboga na la kusukutulia mdomo. Sisi wengine tulichemsha ya kunywa tu, tena bwana afya anapokuwa karibu, kwa sababu maji ya kuchemsha yalinuka moshi na kuni zilikuwa mbali. Tulikuwa tumemcheka kwamba ipo siku atachemsha na mvua. Sasa kicheko kiligeuka. Usafi wake ukawa ushahidi wa uchawi. Mtu alirusha jiwe juu ya bati lake mchana kweupe, na ikapita kauli kwamba Jumapili baada ya ibada wazee wataamua ahame. Nilikuwa nikipita kwake nikamwona ameketi mlangoni, cherehani haizunguki, anatazama ndoo yake ya maji kama mtu asiyejua tena aifanyie nini. Niliona haya.

Maana mimi nilikwisha kuelewa. Sikuwa na akili kuliko wakubwa; nilikuwa tu na kile ambacho wao hawakuwa nacho, kikapu kilichokuwa mikononi mwangu asubuhi ile. Nilizihesabu zamu kwa vidole. Saba zilikuwa zimepita. Zilibaki tano, na ya mwisho ilikuwa yetu, na kwetu alikuwamo mdogo wangu Elisha, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili na anayetia kila kitu mdomoni. Nikinyamaza, Mama Naelijwa atafukuzwa na Elisha atafikiwa. Nikisema, watauliza maji yameharibiwa na nani, na bibi yangu ndiye atakayehamishwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi kilio nilikwisha kukisikia, tena kwenye milango mitano, na bado nilificha.

Jumamosi bwana afya alikuja kwetu, akafungua daftari lake juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwonyesha baba. Bibi alikuwa kando ya mafiga anapembua maharage. Bwana afya alisema kwamba amefunga barabara, amezuia misiba, na bado ugonjwa unaruka kutoka upande huu wa kijiji hadi ule kama unaocheza. Hauambukizi jirani kwa jirani. Nilijikuta nikisema kabla sijakusudia.

"Unafuata zamu."

Nikazitaja nyumba zote kwa mpangilio wa ndiva, na yeye akaweka kidole kwenye kila mlango aliouchora. Alipofika wa nne alisita, nikamwambia kwamba Mama Naelijwa anachemsha maji yote. Aliuzungushia mlango ule duara kwa kalamu. Kisha akaniuliza kama najua maji ya ndiva yalichafuka vipi. Baba alinitazama, halafu akamtazama mama yake. Bibi alikuwa ameacha kupembua. Ninaamini kwamba alikuwa anasubiri nimwachie nafasi ajibu mwenyewe, kama alivyoahidi. Sikumwachia.

"Sijui," nilisema.

Siku ileile baba alichomoa gogo akayaacha maji yote yaende korongoni, na ndiva ikamwagwa chokaa mpaka ikawa nyeupe kama jicho la kipofu. Hakuna aliyepewa zamu tena kiangazi kile. Nyumba ya nane, iliyokuwa imekwisha kukinga asubuhi, ilipata mstari. Ya tisa haikupata. Tulisubiri siku nne, siku nane, siku kumi na mbili, tukiamka kutazama milango, na milango ikabaki kama ilivyo. Mahindi yalikauka yote, na tulikula makande ya msaada ambayo maharage yake hayaivi. Lakini Jumapili ile hakuna aliyehamishwa. Wanawake walipita kwa Mama Naelijwa mmoja mmoja, wakidai wanakwenda kushonewa, wakitoka wamejifunza kuchemsha. Baba alisifiwa kwa kuikausha ndiva. Kijiji kilikuwa kimezika watu saba, pamoja na baba mdogo. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakupanda tena kule juu.

Leo kijijini kuna mabomba, na ndiva imeota magugu. Miaka ya karibuni, ulipokuja ugonjwa mwingine uliowahangaisha watu wa dunia nzima, nilikuta ndoo za kunawia mlangoni mwa kanisa letu, na vijana wakagongana viwiko badala ya kushikana mikono. Nilikuwa nimekuja msibani, na nikaketi na Elinami, mtoto wa Mzee Mcharo, ambaye katika kiangazi kile alimzika baba yake na dada yake ndani ya wiki moja. Sasa sote ni wazee. Nikaona nikifa na jambo hili nitakuwa nimemwibia. Nikamweleza yote, kikapu, blanketi, na lile jibu langu.

"Mama alimwona bibi yako," Elinami alisema. "Alikuwa kwenye migomba yetu."

Nilimuuliza kwa nini basi walikinga maji.

"Ungemkatazaje mama aliyetoka kuzika mwanawe? Na ukiyamwaga maji ya zamu yako mbele ya watu, si umemtangaza? Mama alisema tukinge tu, tusimtie aibu."

Nimejaribu kupima siku zile na hizi. Leo mtu angepiga picha kwa simu yake, na kabla ya adhuhuri wilaya nzima ingelijua jina la bibi yangu. Huenda wale sita wangepona. Na yeye sijui angefukuziwa wapi. Nilimuuliza Elinami kama mama yake aliwahi kujutia ukimya wake. Akasema alijuta kila siku ya maisha yake, na kila Krismasi alimpelekea bibi yangu mkungu wa ndizi mbivu. Niliukumbuka mkungu ule. Bibi hakuwahi kuugusa, wala hakutueleza sababu. Ndizi zile nilikuwa nazila mimi.