Namna Mize Jaribu Alivyomrudishia Mumewe Maneno

Bado wapo watu wa Mtambile wanaosema kwamba wifi yangu, Mize Jaribu, alimponya mumewe kwa ngoma ya pepo. Husema hivyo kwa sauti ya chini, na mimi nikipita hunisalimu kwa heshima. Mume huyo ni kaka yangu, na nyumba ile ni ya baba yetu, marehemu Mzee Duni. Katika nyumba ile hakujapigwa ngoma ya pepo hata siku moja. Kilichopigwa ni tari, na aliyeipiga alijua anachokifanya.

Mize alizaliwa hapa hapa Mtambile. Babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi za mashamba, akafa akiwa na mikarafuu yake mwenyewe. Kaka yangu Himid alipotaka kumuoa, baadhi ya jamaa zetu walikunja uso. Baba hakukunja. Mize alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, hodari wa kuchambua karafuu, na hapakuwa na maulidi ya wanawake yaliyosomwa upande wetu bila yeye kuitwa aje na tari yake. Kabla ya kuipiga huipasha moto juu ya makaa mpaka ngozi ikaze, kisha huiweka shavuni kusikiliza kama iko tayari. Skuli hakusoma. Mimi nilisoma, nikafundisha wasichana miaka tisa, na mume wangu alipofariki nikarudi kukaa kwetu, nyumba moja na kaka na mkewe. Nayataja haya ili ijulikane nani alimfundisha nani.

Mwezi wa Julai mwaka 1959, karafuu zikiwa zimetandazwa uani, Himid alipiga magoti juu ya jamvi kama anayetaka kuokota kitu, asiinuke. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa. Alilazwa hospitali ya Chake Chake wiki tatu. Daktari alitwambia kwamba mshipa wa kichwani umeziba, kwamba mguu utarudi kidogo kidogo, na habari ya kusema tusubiri. Himid alirudi nyumbani na bakora na neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "hapana".

"Baba, uji," binti yake na Mize, Mwanabaraka, alimwambia.

"Hapana," akajibu, na huku mkono wa kushoto umeshanyooka kuchukua bakuli.

"Niuondoe?"

"Hapana!"

"Basi unywe?"

"Hapana, hapana!" Machozi yakamtoka kwa hasira, bakuli likaruka mpaka mlangoni.

Siku za mwanzo tulicheka. Baadaye hatukuweza tena. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kupatanisha watu, na sasa alikaa kitandani akiangalia ukuta. Hakulala. Bega lake zima lilikuwa limekakamaa kama la mtu aliyebeba gunia, na akifumba macho hushtuka.

Kibaya zaidi, alikuwa ameshatoa ahadi. Miezi mitatu kabla ya maradhi, watu wa Konde walikuja kumposa Mwanabaraka kwa ajili ya kijana wao Ame, fundi charahani, mpole, ambaye binti mwenyewe alimridhia. Himid aliipokea posa mbele ya wazee. Aliwaambia, "Binti yangu ni wenu. Karafuu zikisha, tutafunga ndoa." Neno la baba yetu lilikuwa halirudi nyuma, na la Himid lilikuwa hivyo hivyo.

Lakini baba asiyeweza kutamka ataozaje? Mdogo wetu Abrahman, aliyehamia Madungu, alikuja na jawabu lake. Naomba asifikiriwe vibaya. Aliamini kwa dhati kwamba nyumba imebaki bila mwanamme na kwamba ni wajibu wake kuishika. Aliona Mwanabaraka aolewe na nduguye mkewe, mwenye duka huko huko Madungu. Mwanabaraka aliposikia, aliacha kula. Abrahman hakungoja. Mwezi wa Agosti alimleta kadhi kutoka Chake.

Kadhi alikuwa mzee mtaratibu, asiyependa kuharakishwa. Alikaa barazani na Himid, sisi wanawake tukawa nyuma ya pazia. Akaeleza kwamba baba ndiye walii, mwenye haki ya kumuoza binti, na asiyesema anaweza kuoza hata kwa ishara, mradi ishara ieleweke. Ikiwa akili zimemtoka, basi uwalii unahamia kwa ami yake binti.

"Bwana Himid," akasema, "unairidhia posa ya watu wa Konde?"

"Hapana," akasema kaka yangu.

"Bwana Kadhi, umesikia kwa masikio yako!" akadakia Abrahman.

Mize hakustahamili. Alisema kwa nguvu, "Bwana Kadhi, muulize na jina lake!"

Kadhi akamuuliza, "Wewe ndiye Himid bin Duni?"

"Hapana."

Watu wakacheka, hata Kadhi. Abrahman hakucheka. "Basi ndo hayo ninayosema. Mtu hajijui jina, ndugu zangu. Akili zimekwenda."

Himid alikuwa akitikisa bakora yake, uso umemwiva, na sisi tuliomjua tuliona kwamba anafahamu kila neno. Lakini kuona kwetu hakukuwa ushahidi.

"Kwa neno hili siwezi kuoza," alisema Kadhi, "na kwa neno hili siwezi kumvua mtu uwalii wake. Nitarudi Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha. Akiweza kutamka mbele yangu, ataoza yeye. Akishindwa, walii ni Abrahman, na yeye ndiye atakayeamua."

Tulikuwa na miezi minane.

Mwezi wa Mfunguo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, jirani yetu Bi Mgeni alisomesha maulidi uani kwake. Mize alikwenda na tari, mimi nikabaki na mgonjwa. Zilipofika kasida na tari zikaanza, nilisikia sauti ya mwanamme ndani ya nyumba yetu. Nilidhani mwizi. Nikaingia na taa, nikamkuta Himid amekaa kitako, macho yamefumba, mkono wa kushoto unapiga godoro, anaitikia kiitikio chote, neno kwa neno, bila kukosea hata herufi.

Nilimwita, "Kaka! Kaka, sema nami!"

Akafumbua macho. "Hapana," akasema kwa huzuni.

Habari ilienea kabla ya vyombo vya maulidi kuoshwa. Bi Mgeni alikuja asubuhi, akaketi karibu yangu kama aliyekuja kutoa tanzia. "Moza, mwenzangu, nkwambie kweli. Kaka yako ana jini. Mtu hawezi kuomba maji, ataimbaje? Si yeye aimbaye. Ni mgeni wake ndo aimbaye. Mtafutieni mganga, apigiwe ngoma, aulizwe anataka nini."

Nilimtoa kwa adabu. Nilijua watu watasemaje: kwamba mke ana asili ya bara, kwamba tari yake ndiyo iliyomleta jini, kwamba nyumba ya Duni sasa ni kilinge cha pepo. Na Abrahman akisikia habari ya jini, angekuwa na hoja nyingine ya kumpelekea Kadhi. Nikamwendea Mize jikoni, nikamwambia aiweke tari sandukuni na asiiguse mpaka watu wasahau.

Mize alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa. "Wifi, jina la ukoo halina kiu. Mume wangu ana kiu, na hajui kuomba maji."

"Watasema unapiga pepo."

"Waseme. Mie nimesikia mlango umefunguka, wewe wataka niufunge kwa sababu jirani anachungulia?"

Nilikaa kwenye kizingiti mpaka nazi ikaisha, kisha nikamuuliza anataka kufanya nini. Tangu siku ile nilikuwa upande wake, na madirisha tuliyaacha wazi makusudi, ili kila apitaye aone kwamba hapana ubani wala mbuzi mweusi.

Kwanza hakutafuta maneno. Alimwekea Himid tari kifuani, ngozi imegusa fulana, akaipiga polepole kwa ncha za vidole.

"Waisikia ndani?" alimuuliza.

Himid alishusha pumzi. Mize akampigia hivyo kwa muda mrefu, mapigo sawa na mwendo wa mtu asiye na haraka, huku mwenyewe akivuma kwa pua, mdomo umefungwa. Niliona bega lililokakamaa likishuka. Siku ya tatu alilala kutoka adhuhuri mpaka alasiri bila kushtuka, mara ya kwanza tangu arudi hospitali. Mabakuli yakaacha kuruka. Hata kama tusingepata neno lolote baada ya hapo, ningesema tari ile imefanya kazi yake.

Kisha tukaingia kwenye maneno. Mize alichukua lahani ya kiitikio alichokijua Himid tangu utotoni, akaondoa maneno yake, akatia mengine: nipe maji. Hapo ndipo elimu yangu ilipofaa. Niliyakata maneno silabi silabi, kama nilivyokuwa nikiwakatia watoto wa darasa la kwanza, na kila silabi Mize akaipa pigo lake. Ni, pe, ma, ji. Himid aliweka mkono wa kushoto juu ya tari na kupiga pamoja naye. Siku kumi ilitoka "hapana" tu, nayo kwa lahani nzuri. Siku ya kumi na moja, jasho likimtiririka, akaimba, "Ni-pe ma-ji."

Mwanabaraka alikimbia mtungini, akarudi na kata imejaa pomoni, akammwagia baba yake nusu kifuani. Himid alicheka, akaimba tena, na tena, akanywa kata tatu asizozitaka.

Kufika Ramadhani alikuwa akiomba uji wa kufuturu, kanzu, bakora, na akimtukana jogoo wa Bi Mgeni kwa mapigo kamili. Pasipo pigo maneno yalipotea, lakini tulimzoesha kujipigia mwenyewe, pajani, kwa mkono wake wa kushoto. Sentensi moja tu ndiyo iliyomshinda, na ndiyo tuliyoihitaji. Kila akianza "nimekuoza", alitoa "hapana".

"Hapana-kuoza!" alirudia Mwanabaraka siku moja, akicheka na kulia. "Baba, na mimi nitabaki hapana-olewa?"

Mize ndiye aliyegundua dawa. Alimkataza kuanza na neno. "Anza na mvumo. Funga mdomo, vuma, mpaka kifua kitetemeke. Usiliite neno. Ukishatetemeka, fungua mdomo, litatoka lenyewe." Alikiweka kiganja cha Himid kifuani pa Himid mwenyewe ili ausikie mtetemo. Ikatoka. Siku nyingine ikagoma. Mpaka siku ya mwisho hatukuwa na hakika.

Kadhi alirudi Mfunguo Mosi kama alivyoahidi. Watu wa Konde walijaa gari zima, Ame katikati yao na kanzu mpya aliyoishona mwenyewe. Abrahman alisimama barazani.

"Bwana Kadhi, nina ombi moja. Tari isilie. Nikisikia tari, mimi nitasema aozaye ni pepo, si kaka yangu."

"Wakati wa akdi ya ndoa hakuna ngoma," alikubali Kadhi.

Nyuma ya pazia Mize aliiweka tari kitandani, akaikalia mikono yake mwenyewe. Mwanabaraka, aliyepambwa na kufunikwa, alinishika mkono mpaka pete yangu ikaniumiza.

Ame akauchukua mkono wa kulia wa Himid, ule uliokufa, akaushika kwa heshima. Kadhi akahutubu, kisha akasema, "Bwana Himid, tamka."

"Hapana," akasema kaka yangu.

Wanawake wa Konde waliguna. Abrahman akasogea mbele.

"Kaa, Abrahman," alisema Kadhi. "Sijasema kwamba amemaliza."

Kisha tukasikia mvumo. Ulianza chini sana, kama nyuki walio mbali, ukapanda. Nilichungulia pembeni ya pazia. Himid alikuwa amefumba macho, na mkono wake wa kushoto umekwenda juu ya mkono wa Ame, unaupiga mgongoni taratibu, pigo baada ya pigo. Ame hakutikisika. Ndipo Himid alipofungua mdomo.

"Ni-me-ku-o-za mwa-na-ngu Mwa-na-ba-ra-ka kwa ma-ha-ri tu-li-yo-ku-ba-li-a-na."

"Nimekubali kumuoa," alijibu Ame papo hapo.

Abrahman alisema, "Bwana Kadhi, ameimba!"

"Na wewe adhana huadhini kama unavyoagiza sukari dukani?" akauliza Kadhi. "Sharia imetaka tamko, na tamko nimelisikia. Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia!" walijibu, na si mashahidi wawili tu, ni baraza lote.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilimtoa Bi Mgeni kwake mbio, na yeye alipiga kuliko wote. Mwanabaraka alimwangukia mama yake. Mize alitoa mikono yake chini yake, ikiwa imekufa ganzi, akaikunja na kuikunjua, kisha akaishika tari, na sasa hapakuwa na wa kumkataza.

Pilau ilipoletwa, Abrahman alikuwa amesimama peke yake karibu na ngazi, kama mtu asiyejua aende au akae. Himid alimwona. Akaliacha tonge, akafunga mdomo, akavuma, mkono ukipiga ukingo wa sinia.

"A-b-rah-man," akaimba, na kila mtu akageuka. "Njo-o u-le."

Mdogo wetu aliinama akavua viatu. Alinawa, akaketi kwenye sinia lile lile, upande wa kulia wa kaka yake, upande wa mkono usiofanya kazi, akaanza kumchambulia nyama.