Neno la Baba la Ubaridi

Jamani, leo nimemchekesha bosi mpaka kamwaga kahawa!

Niko kwenye kibanda cha parking hapa Alexandria ya huku majuu, theluji imejaa, vidole vimekufa ganzi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu safi: leo kuna "algor" kali.

"Kuna nini?"

"Algor. Ubaridi!"

Akamuuliza mteja wetu, mwalimu mstaafu. Bibi wa watu akacheka: neno hilo limeshakufa zamani.

Nikamkumbuka marehemu baba, kule Tanga. Hakuna chai asubuhi mpaka umekariri neno moja kwenye kamusi yake kuukuu ya Kiingereza iliyotoka jalada.

Anatufundisha ubaridi huku anajifuta jasho!

Nyie wenzangu wa email hii, mlikaririshwa nini?

Mimi kesho nalisema tena. Wacheke tu. Koti la kunipa baba hakuwa nalo, alichonipa ni neno hilo.